Ushauri: mwanafunzi ameokota neno "nanasi", atungeje palindromu?

MwalimuPangani:
Wakuu, salamu kwenu. Nasimamia chama cha Kiswahili katika shule ya msingi, na kwa ajili ya Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, tunaandaa gazeti la ukutani. Kona moja nimeitenga kwa palindromu, yaani neno au sentensi inayosomeka vilevile ukianzia mbele au nyuma. Kila mtoto ameokota kikaratasi chenye neno moja, na sentensi yake lazima ichipuke kwenye neno hilo. Yaliyobaki bila sentensi ni haya: nanasi, ua, mali, embe.

Maneno mafupi wanayajua: idi, utu, ini, ala. Kutoka hapo hadi kwenye sentensi ndipo tunapokwama. Tunaandika neno kinyume na kulitazama: nanasi linakuwa "isanan", embe linakuwa "ebme". Halafu? Naomba mwenye ujuzi anipe hatua, si majibu tu, maana nataka watoto watunge wenyewe. Na je, kwa Kiswahili tuhesabu herufi au silabi?

FundiHerufi:
Mwalimu, hongera sana kwa kazi hiyo. Nianze na herufi.

Maneno yetu ya asili huishia na irabu. Kwa hiyo sentensi ya herufi lazima ianze na irabu pia. Usihangaike kuifungua kwa m-, ki-, wa- au ni-. La pili: mb, nd, ng, ch, sh na ny ukizigeuza unapata bm, dn, gn, hc, hs, yn, na hakuna neno letu la asili lenye sura hiyo. Embe limeshatoka kwenye mchezo wa herufi.

Sasa utajiri wetu uko kwenye kitenzi. Waandikie ubaoni: amesema, ametema, atapata, atakata, akataka, akadaka, anakana. Yasomeni kinyume. Yote ni palindromu kamili, na watoto huyatamka kila siku! Sababu ni a- ya nafsi pamoja na -na-, -ta-, -ka-, -me-, zikikutana na shina linalozirudisha kama kioo. Hicho ndicho kiini. Usianze mwanzo wa sentensi, anza katikati.

Kisha unazungushia jozi, yaani maneno mawili ambayo moja ni kinyume cha jingine: au/ua, Ali/ila, Isa/asi, ati/ita. Kwa mtoto wa "ua" tayari umepata "Au atapata ua?" na "Au atakata ua?" Kwa "ita" ungepata "Ati anaita". Kwa "ila", likiwa na maana ya kasoro, kuna "Ali ana ila", halafu "Ali anakana ila". Hiyo ya kwanza ukiunganisha maneno mawili ya mwisho inakuwa "Ali anaila", nyama kwa mfano. Herufi zilezile, habari nyingine kabisa.

BintiAmu:
Umesahau jozi ya kwetu, kaka. Amu ni mji wetu, nyie mwauita Lamu, na amu pia ni ndugu wa baba. Kinyume chake ni uma. "Amu ana uma." "Amu akadaka uma." Na "Amu anauma", Mungu atuepushe na amu wa namna hiyo.

Lubumbashi_Moja:
Kwetu "au" tunasema "ao", basi nasi tuna yetu: "Ao anaoa?"

MwalimuPangani:
Nimefurahi mno. Mtoto wa "ua" amechagua ya kupata ua, ya kukata ameikataa. Lakini nanasi linaanza na n, na sheria imesema irabu. Je, nimbadilishie neno?

FundiHerufi:
Usimbadilishie! Sheria inaihusu sentensi, haimzuii nanasi kukaa mwisho. Fanya hivi naye, polepole.

Neno likae kulia: nanasi. Kinyume chake kikae kushoto: isanan. Yakishikamana, n mbili zinagongana katikati. Zifanye moja iwe ya pande zote mbili: isanananasi. Sasa futa mipaka yote ya maneno kichwani na uitazame kama kamba ya herufi tupu, kisha ukate upya. Mwanzoni kuna Isa. Kisha "na". Kinachobaki ni nanasi.

Isa na nanasi.

Njia hii ni ya kale na inafanya kazi katika lugha nyingi. Mwingereza Leigh Mercer alichapisha mwaka 1948 sentensi "A man, a plan, a canal: Panama", yaani mtu, mpango, mfereji: Panama. Ligeuze jina Panama upate amanap. Ndani yake tayari wamo mtu na vijineno vyake, na p ya mwisho inadai neno. Kamba ya herufi ndiyo inayokuambia iwe na nini, wewe unasikiliza na kukata.

Akitaka kuirefusha, azungushie jozi ya BintiAmu: "Amu, Isa na nanasi, uma." Hapo meza imeshaandaliwa.

MwalimuPangani:
Nimejaribu njia hiyo na mtoto wa "mali", nikamwachia chaki. Kinyume: ilam. Akaunganisha m: ilamali. Akakaa kimya kidogo, kisha akakata mwenyewe: "Ila mali"! Darasa zima lilipiga makofi.

Bado swali la silabi.

MzeeWaMizani:
Mwalimu, mimi nasema silabi ndiyo nyumbani kwetu. Mshairi wa Kiswahili hahesabu herufi, anahesabu mizani. Mshororo wa shairi la kawaida una nane na nane. Sikio letu linasikia "ma" kama kitu kimoja. Kwa nini basi tuivunje vipande?

Ukihesabu silabi, milango inafunguka. Mali: *Lima mali*, li-ma-ma-li. Nani: *Nina nani?* Pacha: *Chapa ya pacha*. Siku: *Siku ya kusi*, yaani ule upepo wa kusini, na wavuvi wa huko Pangani wataielewa kabla ya mwalimu. Hata ch na mb haziumizi, kwa sababu zinahama na irabu yake. Nanasi nalo lina jibu la pili: *Sina nanasi*, si-na-na-na-si.

KijanaWaNai:
Mzee shikamoo, kwa heshima, si hiyo ni kurahisisha? Palindromu ni ya herufi. Sisi huku Nairobi "yuko" twasema "ako": "Ako anaoka", na herufi zote zinarudi.

MzeeWaMizani:
Marahaba mwanangu. Yako ni nzuri, nimeipenda. Lakini Wajapani hutunga palindromu zao kwa kana, alama zao za kuandikia, ambazo kila moja kwa kawaida ni mora moja, yaani pigo moja la sauti, karibu na mizani yetu. "Takeyabu yaketa", msitu wa mianzi umeungua: ta-ke-ya-bu-ya-ke-ta. Kwa herufi za Kilatini haikubali, kwa kana imekamilika. Hakuna anayewaambia wamerahisisha.

BintiAmu:
Na madrasa walituonesha "rabbaka fakabbir", Sura ya 74 aya ya 3, ukiacha ile wau ya mwanzo. Kwa Kiarabu ni re, be, kafu, fe, kafu, be, re. Irabu fupi haziingii katika hesabu kwa kuwa si herufi za mstari. Kila watu huhesabu kile wanachoandika au wanachosikia. Mwalimu, weka safu mbili gazetini, Herufi na Silabi, na kila sentensi iwe chini ya safu yake ili msomaji ajue anakagua nini.

MwalimuPangani:
Safu mbili, nimekubali. Sasa amebaki wa embe. Tumegeuza kwa silabi, mbe-e, na hatuoni neno lolote la kukata hapo. Anaanza kukata tamaa.

MzeeWaMizani:
Huyo mbadilishie, si kila neno lina mwenzake. Abaki kwenye matunda, mpe limau. Kinyume ni u-ma-li. Li iwe ya katikati, ishirikiwe na pande zote mbili kama ile n ya nanasi, na muulize anasikia kitenzi gani mwanzoni.

MwalimuPangani:
"Uma limau!" Ameipata kabla sijamaliza kuuliza. Ameshaanza kuipigia mstari kwa rangi ya manjano, safu ya Silabi. Asanteni sana, nikipata nafasi ya kupiga picha ya gazeti nitaileta hapa.