Kichwa kikigeuka, jicho linabaki vipi palepale?

Tabibu_Mwanafunzi
Wakuu, mtu akitikisa kichwa huku anasoma simu, maandishi yanasomeka. Akituliza kichwa akaitikisa simu kwa kasi ileile, hayasomeki. Kwa nini? Na kile kipimo cha kugeuza kichwa cha mgonjwa ghafla kinafanywaje?

Sikio_la_Ndani
Mkuu, simu ikitembea, ubongo unangoja taarifa ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), na jicho linachelewa kama milisekunde 100 kuifuata. Kichwa kikigeuka, taarifa inatoka kwenye mifereji mitatu ya nusu duara ndani ya kila sikio. Inapita seli tatu tu za neva, na baada ya milisekunde 10 hivi jicho limeshaanza kugeukia upande wa pili. Ndiyo maana hata gizani linafanya kazi.

Kipimo kilielezwa na watafiti Halmagyi na Curthoys mwaka 1988. Mgonjwa aikazie macho pua yako, shingo ailegeze. Shika kichwa kwa mikono miwili, kigeuze nyuzi 10 hadi 20 kwa ghafla, bila kumwonyesha ni upande gani. Sikio likiwa zima, jicho halibanduki puani. Sikio likiwa bovu, jicho linasombwa na kichwa, kisha linaruka kurudi puani. Ukiuona mruko huo unapogeuza kulia, kasoro iko sikio la kulia. Mwenye jeraha la shingo usimguse.

Fizio_Mizani
Wengi wanakosea kwa kugeuza polepole. Hapo macho yanafuata pua kwa kuona tu, na sikio zima linamsaidia bovu, kwa hiyo kasoro haionekani. Neva za sikio hutuma ishara hata kichwa kikiwa kimetulia; ukigeuza kwa kasi, zile za upande wa pili zinanyamaza kabisa na haziwezi kushuka zaidi ya hapo. Umbali mdogo, kasi kubwa.

Tabibu_Mwanafunzi
Na aliyedungwa gentamaisini (dawa ya kuua bakteria), anayesema akitembea kila kitu kinarukaruka lakini hana kizunguzungu?

Sikio_la_Ndani
Dawa hiyo mara nyingi huharibu masikio yote mawili kwa pamoja. Ishara za kulia na kushoto zinabaki sawa, hivyo dunia haizunguki. Tafuta mruko pande zote mbili.

Jambo moja la hatari: mgonjwa ana kizunguzungu kikali kisichokoma, macho yanachezacheza yenyewe, halafu kipimo kinatoka safi. Usifurahi. Sikio likiwa zima namna hiyo, fikiria kiharusi cha ubongo wa nyuma, umpe rufaa siku hiyohiyo.