Saa 200 mfukoni: akafundishe au angoje Caravan?

Mwana wa Changamwe
Kijana katoka chuo cha urubani na leseni ya biashara, saa 200 na kidogo za kuruka. Kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Caravan (ndege ndogo ya abiria) wanataka saa ambazo hana. Aongeze hati ya ukufunzi, au akae nyumbani akitazama simu? Na mwanafunzi naye, ni haki afundishwe na mtu aliyekuwa mwanafunzi juzi tu?

Kusi Kali
Akafundishe. Marekani ndiyo njia ya wengi: leseni ya biashara kwenye saa 250, hati ya ukufunzi, halafu unafundisha mpaka 1,500. Mafuta analipia mwanafunzi, saa zinaingia kitabuni kwako kama rubani mkuu. Nitajie biashara nyingine iliyo hivyo.

Bawa la Kulia
Hizo 1,500 ni za ICAO, shirika la anga la Umoja wa Mataifa, dunia nzima wanazo. Lakini ni saa za nini? Saketi nane kwa saa (kuruka, kuzunguka, kutua), uwanja uleule, mikono magotini. Mkufunzi ni abiria anayelipwa.

Binti Mtongwe
Si ICAO, ndugu. ICAO inataka 1,500 kwa leseni ya juu, ile ya rubani mkuu wa shirika. Rubani msaidizi anaingia na leseni ya biashara. Wamarekani ndio waliomlazimisha hata msaidizi, sheria ya 2010 iliyoanza kubana 2013, baada ya ajali ya ndege ya abiria ya Colgan 3407 pale Buffalo, Februari 2009. Na marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshapita 1,500. Kwa hiyo tuulizane saa zina nini ndani, si ziko ngapi.

Kusi Kali
Abiria?? Yakhe, umewahi kumtazama mwanafunzi wa saa 12 akitua? Anavuta usukani ndege ikiwa bado juu kama dari ya ghorofa ya kwanza, kasi inakwisha, pua inainuka, halafu anaisukuma mbele kwa hofu. Mkufunzi ana sekunde mbili: akidaka mapema mtoto hajajifunza kitu, akichelewa tairi la pua linapiga chini kwanza, ndege inadunda mara mbili tatu, na kila mdundo unazidi wa mwanzo. Kwenye Cessna 172, ndege ya mafunzo, hapo fundi anaanza kukagua ukuta wa nyuma ya injini kama umejikunja. Mikono iko magotini kwa sababu goti liko sentimita kumi kutoka usukani.

Mtoto wa Wilson
Poleni, lakini Moi International, hapo Mombasa, mna barabara ya kurukia ya mita 3,350 na uwanja uko futi 200 juu ya bahari. Mwanafunzi anaweza kukosea, akajuta, akakosea tena na lami bado ipo. Wilson, Nairobi, ni futi 5,500. Joto likifika 28, hewa inakuwa nyepesi, ndege inajiona iko juu ya futi 8,000. Huko ndiko mkufunzi anapopikwa.

Bawa la Kulia
Haya, wa bara wameingia. Mje Juni, kusi ikivuma, tuone.

Mtoto wa Wilson
Upepo hata kwetu upo.

Kusi Kali
Upo, ila si huu. Fanya hesabu: unatua barabara 21 (inaelekea digrii 210), upepo unatoka digrii 160, kasi noti 15. Pembe ni digrii 50. Unaokupiga ubavuni ni noti 11 na nusu, kutoka kushoto. Kitabu cha 172 kinataja 15.

Mtoto wa Wilson
Kwa hiyo kikomo ni 15, mko salama, kelele za nini?

Binti Mtongwe
15 si kikomo. Ni upepo ambao rubani wa majaribio alionyesha ndege inatua nao.

Bawa la Kulia
Njoo na mwendo wa kaa, pua upande wa upepo, mpaka juu ya lami. Ukikaribia kugusa, pedali ya kulia, nyoosha. Basi.

Kusi Kali
Basi? Akinyoosha mapema kwa sekunde mbili, upepo unamsukuma kulia na tairi zinagusa ubavu ubavu. Mwanafunzi mfundishe kuinamisha bawa: bawa la kushoto chini kidogo, pedali ya kulia ya kunyoosha pua, tairi la kushoto linagusa kwanza, halafu la kulia, la pua mwisho. Na wengi hukosea BAADA ya kugusa: anaachia usukani kana kwamba safari imekwisha, bawa la kushoto linainuka. Kadiri kasi inavyopungua ndivyo unavyozidi kuuzungusha usukani kushoto, mpaka mwisho wake.

Mtoto wa Wilson
Bawa chini na flapu zote nje, vile vibao vya nyuma ya bawa? Kwenye 172 hilo limekatazwa.

Kusi Kali
Kwa nyingi halijakatazwa. Nyingi za zamani zimeandikwa "epuka". Vitabu vya baadaye vinasema uepuke kuteleza kwa ubavu kukali tu, flapu zikipita digrii 20, kwa sababu mkia unaweza kutikisika kidogo. Kwa kusi tumia 20, kasi noti 65, umemaliza.

Bawa la Kulia
65 kwa flapu 20? Ongeza tano upepo ukiwa na vishindo, ukipanda ghafla.

Kusi Kali
Ongeza nusu ya kishindo, si tano za mazoea. Hapo ndipo mnapoelea mpaka katikati ya barabara halafu mnasema lami ndefu inadekeza.

Binti Mtongwe
Mwana wa Changamwe aliuliza kuhusu haki ya mwanafunzi. Ulaya mkufunzi mpya hamruhusu mwanafunzi kwenda peke yake mara ya kwanza, na anafanya kazi chini ya usimamizi, mpaka afundishe saa 100 na asimamie safari 25 za wanafunzi wakiwa peke yao. Hilo ni jibu tosha kwa lile la "juzi tu".

Mtoto wa Wilson
Sawa dada. Lakini nusu ya kishindo mnahesabu kutoka wapi, upepo wote au ile tofauti?

Kusi Kali
Tofauti! 12 ikipanda 20, tofauti ni nane, unaongeza nne. Wilson hawafundishi hili?

Mwana wa Changamwe
Na kijana?

Bawa la Kulia
Kijana aje na mkono wa kushoto mwepesi. Nne au tano, hiyo ni noti moja, Kusi, umeandika aya nzima kwa noti moja.