Tupeane uzoefu: miksi ya nyumbani inapiga safi kwenye programu, ukiitoa faili unakuta kelele

Mwanzisha mada

Wakuu, heshima kwenu. Tukusanye hapa visa vya sisi tunaorekodi na kumiksi wenyewe nyumbani. Unajua hali yenyewe: ndani ya programu wimbo unapiga vizuri, ukiuekspoti unasikia tiki, mkwaruzo, mvumo, au kitu usichoweza hata kukipa jina. Inauma kuona mtu anabomoa miksi nzima, anashusha gita, anabadilisha maiki, wakati kelele haikutoka huko kabisa.

Naanza na changu. Wimbo wa gita moja na sauti mbili. Kwenye faili kulikuwa na tiki ndogo kabla tu ya kiitikio cha pili. Nikaipiga kwenye simu, ipo. Nikarudia, ipo palepale. Hapo ndipo pa kuanzia siku zote: tiki isiyohama, hata ukibadilisha kifaa, imo ndani ya faili. Ikihamahama, leo hapa, ukirudia iko kwingine, faili yako huenda haina shida na kinachokwama ni kompyuta inapocheza.

Nikaiingiza ile faili kwenye programu, nikaiweka kwenye treki mpya sambamba na nyingine, nikavuta picha ya wimbi karibu mpaka nikaona mstari uliosimama wima. Juu yake, kwenye treki ya sauti, ndipo vipande viwili vya kuimba vilipounganishwa. Wimbi la kipande cha kwanza lilikatwa likiwa juu, la pili likaanza likiwa chini, na spika ikalazimika kuruka kutoka hapa hadi pale kwa ghafla. Ule mruko ndio tiki. Wakati wa kumiksi gita lilikuwa linaifunika. Nikaweka krosifedi (kipande cha kwanza kinafifia huku cha pili kikiingia polepole) ya milisekunde kama 10 kwenye kiungo, ikaisha. Sasa kila kiungo nakiwekea krosifedi, hata kile kinachosikika kisafi.

Mpiga Kinanda

Mkuu, mimi ilikuwa kinyume chako. Tiki zilijaa wakati wa kusikiliza mradi, faili ikitoka haina hata moja. Bafa, yaani idadi ya sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) ambazo kompyuta inaandaa kwa mkupuo, ilikuwa imebaki 64, ile ndogo ya kurekodia ili usisikie sauti yako ikichelewa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 64 inampa prosesa milisekunde moja na nusu tu kumaliza hesabu za plagini (programu ndogo za kubadilisha sauti) zote. Bafa ya 1024 inampa kama 23. Ukimaliza kurekodi, ipandishe.

Kutoa faili kwa njia ya haraka hakushindani na saa: kompyuta ikichelewa, inachelewa tu, haitiki. Lakini njia hiyo nayo ina yake. Kuna piano moja ya sampuli ninayotumia, inasoma noti kutoka kwenye diski, na kwenye faili baadhi ya noti zilikuwa hazipo. Nilipochagua kutoa kwa muda halisi, wimbo ukicheza mwanzo mpaka mwisho, noti zote zikarudi.

Fundi wa Masta

Naomba nikae kidogo kwenye mkwaruzo, maana ndio ninaoletewa mara nyingi.

Ndani ya programu nyingi hesabu zinafanyika kwa biti 32 za desimali inayoelea. Huko sauti inaweza kupita desibeli 0 na isipotee kitu. Ukitoa WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya biti 16 au 24, hakuna nafasi juu ya 0. Kila kilele kilichozidi kinakatwa kichwa na unabaki na mkwaruzo kwenye ngoma na kwenye herufi kali za mwimbaji. Kama ulikuwa umeshusha kitasa cha kusikilizia ndani ya programu, hutausikia mpaka faili itoke. Kwa hiyo mita ya masta (njia ya mwisho ambako treki zote hukutana) ikiwaka nyekundu, ishughulikie kabla ya kutoa, hata kama masikio yako yanasema ni sawa.

Halafu kuna MP3. Mtu anaweka limita (plagini inayozuia vilele visivuke kiwango) kwenye desibeli -0.1, WAV inatoka safi, MP3 inakwaruza. Kubana faili kunabadilisha umbo la wimbi, na vilele vinaweza kupanda kuliko vilivyokuwa. Tena hata kwenye WAV wimbi linaweza kupita juu katikati ya sampuli mbili, mahali ambapo mita ya kawaida haioni. Tumia mita ya kilele halisi, acha desibeli 1 chini ya 0. Spotify wenyewe wanashauri -1, na kwa wimbo wenye ukubwa wa sauti unaozidi LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia) wanashauri -2.

Sauti ya Pili

Kwangu ilikuwa metronomu. Mwisho wa wimbo, vyombo vimenyamaza, sauti inafifia peke yake, na nyuma yake tik, tik, tik. Nikahakikisha metronomu imezimwa, nikatoa tena, bado. Nikasikiliza treki ya sauti peke yake: imo humo, ilivuja kutoka kwenye hedifoni ikaingia kwenye maiki wakati naimba. Kwa kipande kama hicho dawa nzuri ni kurekodi upya mistari ile ya mwisho. Sasa natumia hedifoni zilizofungwa, na metronomu naizima kabla ya mistari inayoishia kwenye ukimya.

Na simu iwe mbali na waya za maiki. Ule mlio wa "trrr-trrr" ukiingia kwenye rekodi hautoki kwa urahisi.

Mgeni

Wakuu shikamooni. Yangu haina tiki wala mkwaruzo. Inatoka nzito na polepole, naonekana naimba kama nimelala.

Fundi wa Masta

Marahaba. Angalia kiwango cha sampuli. Faili ya 48,000 ikisomwa kama ya 44,100, wimbo wa dakika 4 unakuwa dakika 4 na sekunde 21 hivi, na sauti inashuka zaidi ya nusu toni. Mradi, kadi ya sauti na faili vyote viwe namba moja.

Mpiga Besi

Mvumo wa chini: kama upo hertzi 50 (au 60, kutegemea umeme wa nchi) na ngazi zake 100, 150, hiyo ni njia ya umeme. Chomoa chaja ya laptopu usikilize. Kwangu ulikata papo hapo. Ulikuwepo tangu kurekodi, kompresa (plagini inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) ndiyo ikaupandisha.

Mgeni

Asanteni, ilikuwa 48,000. Sasa nitajuaje kwamba faili ni sawa na nilichomiksi?

Mwanzisha mada

Ingiza WAV kwenye mradi uleule, kwenye treki inayokwenda moja kwa moja kwenye sauti ya kutokea bila kupita plagini za masta. Ianze pamoja na wimbo, kwenye sampuli ileile, kisha igeuze polariti (wimbi lililo juu liwe chini, la chini liwe juu). Cheza vyote pamoja. Vinavyofanana vinafutana, kinachobaki ndicho tofauti. Efekti za korasi (si kiitikio) na baadhi ya riverbu (mwangwi wa chumba) hazirudii kitu kilekile mara mbili, zitaacha mabaki, kwa hiyo zizime kwanza kisha utoe faili nyingine ya kujaribia. Na plagini ya majaribio ambayo haijalipiwa itajionyesha hapo: ukimya au mfoko wa kelele, unajirudia kila baada ya muda uleule.

Mgeni, tupe majibu ukishaijaribu. Wengine endeleeni, na kila kisa kiseme kelele ilikuwa mahali pamoja au ilihama.