Fundi amekata boneti la Land Rover ya mzee wangu akabandika SUFURIA, halafu ananiambia boneti ndilo fupi!!!

MwanaBombo:

Wakuu, naandika nikiwa nimekalia tairi la spea hapa nje ya gereji, na mikono inatetemeka. Nimelikalia kwa sababu halina tena pa kukaa. Pale mahali pake, juu ya boneti, sasa kuna sufuria.

Simtaji jina, hakuna haja. Ni yule yule. Kofia ya sufi juani, kalamu sikioni na hajawahi kuandika kitu, anasema "kesho saa nne" tangu serikali ya pili ya Obote.

Gari ni Series III fupi, ile ya inchi 88, ya mwaka 1974. Mzee wangu ameifuta vumbi kila Ijumaa kuliko alivyonifuta mimi pua. Injini yake ya petroli, 2.25, yenye nguvu za farasi 70 hivi ilipokuwa mpya, ilishachoka kabisa. Kupanda Kawempe hapa Kampala, boda yenye watu watatu na mbuzi ilikuwa inatupita, na mbuzi anageuka kututazama. Nikasema basi, natia 1KZ-TE, ile dizeli ya Toyota ya lita 3.0 yenye turbo, ya Surf na Prado za zamani. Spea zake soko la Kisekka ni kama nyanya. Nikanunua kwa milioni nne na nusu, nikamkabidhi injini, gari na imani yangu yote.

Leo nafika. Boneti limefungwa. Katikati kuna SUFURIA, wakuu. Imepinduliwa kifudifudi na kupigwa ribiti kuizunguka kama vifungo vya koti la bwana harusi. Zile zinazofuliwa Katwe, za kupikia watu ishirini. Mkono mmoja bado upo. Nasema MKONO UPO.

Nikamuuliza, "Fundi, hii ni nini?" Akafuta vidole kimoja kimoja na kitambaa, bila haraka. Vijana wake wanne wamesimama, mama wa chapati amesimama. Akanitazama kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyefeli mara ya tatu, akasema:

"Kijana wangu, injini si ndefu. Boneti lako ndilo fupi."

Boneti LANGU. Ndilo FUPI.

Na mzee nilikuwa nimekuja naye! Akalizunguka gari mara moja, kimya. Akagonga sufuria kwa kifundo cha kidole, mara mbili, ko ko. Akauliza, "Chai imeiva?" Gereji nzima ikaanguka. Mama wa chapati alishika nguzo.

Halafu bili. Kufunga injini, sawa. Kuchomelea mauntingi ya kushikia injini, sawa. "Kurefusha boneti, 180,000." "Sufuria, 60,000." Ananiuzia mimi sufuria! Boneti ndilo fupi!

Spana13: Picha tafadhali. Bila picha hakuna sufuria.

MwanaBombo: Simu ina chaji asilimia nne, natumia kulia. Nimeshasema mkono upo.

Jirani_Mutukula: Mkono mmoja au miwili? Miwili ndiyo ya spoti.

Grisi_Kichwani: Ndugu, kosa ni lako. Baadhi ya injini za 1KZ-TE zina intakula, ile rejeta ndogo ya kupoza hewa ya turbo, imelala juu kabisa ya injini. Ndiyo maana hata Surf zenye intakula hiyo zina pua kwenye boneti. Ungeihamishia mbele ya rejeta kwa mabomba mawili, au ungetengeneza mauntingi ya kuishusha injini. Au ungetafuta 200Tdi, dizeli ya Land Rover Discovery za kwanza, inafunga kwenye nyumba ya klachi ya Series bila vita. Nani alipima urefu kabla hujanunua?

MwanaBombo: Yeye.

Grisi_Kichwani: Kwa kipimo gani?

MwanaBombo: Kwa jicho. Alifumba moja.

Spana13: 😂😂😂 Injini si ndefu

KoplaMstaafu: Mimi nitasimama na fundi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu tangu 1948, kwa sababu baada ya vita Uingereza chuma kilikuwa cha mgao. Hiyo haishiki kuchomelea kwa mashine zetu hizi za kawaida. Angetumia nini? Boneti aluminiamu, sufuria aluminiamu, ribiti aluminiamu. Hao ni ndugu wa damu.

MwanaBombo: Sawa afande, na mkono je?

KoplaMstaafu: Mkono ni wa kufungulia.

Grisi_Kichwani: Tuache sufuria kidogo. Giaboksi umeweka gani?

MwanaBombo: Ile ile ya zamani. Sahani ya kuunganishia amechongesha Katwe kwenye leti.

Grisi_Kichwani: Breki?

MwanaBombo: Zile zile.

Grisi_Kichwani: Yaani ngoma nne za 1974, nyuma ya injini yenye nguvu karibu mara mbili. Na ekseli za nyuma za Series fupi ni nyembamba, ukikanyaga kwa hasira zitakatika kama miwa. Na hiyo mbio unayoiota hutaipata. Difu, ile gia ya ekseli, ni 4.7, gia ya juu ya transfa ni 1.148, na dizeli hiyo inachoka kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika. Kwa tairi za 7.50-16 hapo uko kwenye kilomita 95 kwa saa, na masikio yanatoa damu. Tafuta difu za 3.54 za Range Rover za zamani, zinaingia kwenye nyumba hizo hizo. Lakini anza na breki. Kwa nilivyosikia hadi sasa, kitu kizima kwenye gari hilo ni sufuria.

MwanaBombo: Mimi sikuja kuulizwa habari za difu! Mtu amekata boneti la mzee wangu na grainda! Akasema ni FUPI!

Datsun_Damu: Ndiyo maana nawaambia kila siku muachane na hizo kabati za Waingereza. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda hii hii, alishinda Safari Rally mara tano, 1973 na tena 1979 hadi 1982 mfululizo, zote kwa Datsun. Nani aliwahi kumwona na chombo cha jikoni?

Jirani_Mutukula: Datsun_Damu, wewe ile 120Y yako iko kwenye matofali mwaka wa tisa.

Datsun_Damu: Inasubiri kabureta. Usiniingilie.

Dereva_Malaba: Nyie mnalia kwa boneti. Mimi fundi wangu nilimwachia lori la Fuso abadilishe klachi tu. Nimerudi, nozeli sita zilizokuwa nzima zimekuwa nozeli sita za mgonjwa. Namuuliza, anasema "dizeli ya Kenya ndiyo imezizeesha." Kwa siku mbili! Na ni yule yule wa kalamu sikioni, naapa.

Spana13: Hapana, wako ni ndugu yake. Wa kalamu ana jino la dhahabu.

Dereva_Malaba: Jino liko kwa huyu wangu. Kalamu pia.

Jirani_Mutukula: Basi wako wawili. Mungu atusaidie.

MwanaBombo: HARIRI: Mzee amesema tuondoke nalo hivyo hivyo. Tumelijaribu hadi barabara kuu na kurudi. Linavuta, sikatai, linavuta kweli. Ila kuanzia kasi ya 60 ule mkono unapiga mluzi. Trafiki ametusimamisha, akatazama boneti, akatazama mzee, akapiga saluti.

KoplaMstaafu: Usisahau kubadilisha namba ya injini kwenye logibuku kabla hujakutana na trafiki asiye na utani.

Mama_Kwanjula: Samahani kuingilia mambo ya wanaume. Hiyo sufuria, chini yake, ambako sasa ndiko juu, ina alama ya rangi nyekundu?

MwanaBombo: Mama, tafadhali, mimi nina msiba wa boneti.

Mama_Kwanjula: Mwanangu, angalia tu. Yangu iliondoka kwenye kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha bwana harusi ukweni, ya mwezi wa nane. Iliazimwa na mtu wa gereji, shemeji yake bibi harusi. Haijarudi hadi leo.

MwanaBombo: Kuna kitu kama rangi. Ila ni bluu.

Mama_Kwanjula: Ni yangu. Ilififia.

Spana13: 😂😂😂😂 60,000 hizo!

Mama_Kwanjula: Usiliondoe gari hapo. Napanda boda sasa hivi. Mfuniko wake ninao nyumbani, nakuja nao kama ushahidi.

MwanaBombo: Mama, ukiing'oa mimi nabaki na tundu! Na mvua inakuja!

Mama_Kwanjula: Tundu mwulize aliyelitoboa. Mimi nina wageni Jumamosi.

Grisi_Kichwani: Ribiti zitolewe na drili, msitumie patasi, mtapasua ukingo.

Mama_Kwanjula: Ukingo wa nini?

Grisi_Kichwani: Wa sufuria, mama.

Mama_Kwanjula: Asante, mwanangu. Angalau mmoja ana adabu.

Nyabo_Wandegeya: Na kwa kuwa tuko hapo hapo, viti vyangu vya plastiki, kumi na viwili, vyeupe, kimoja kimepasuka mgongo. Viliondoka kwenye matanga mwezi wa nne. Aliyenavyo anajijua, na anasoma hapa.

Jirani_Mutukula: Kilichopasuka mgongo nilikikuta hivyo hivyo.