Kunguni ananyonya kiwavi kwenye mahindi yangu, nipige dawa au nimwache?

Mkulima_Inyala:
Wakuu habari za majukumu. Niko Inyala huku Mbeya, mahindi yamefika kiunoni, viwavijeshi vamizi wapo ila sio wengi kivile. Jana jioni napita mistarini nikakuta mdudu wa jamii ya wale kunguni wanaonuka, kahawia, mabega yamechongoka, kamdunga kiwavi na kiwavi ananing'inia anasinyaa taratibu. Jirani anasema kunguni ni kunguni tu, wakimaliza hapo wanahamia kwenye maharage. Bomba ninalo, dawa ipo ndani. Nifanyeje?

Ilula_Nyanya:
Piga mkuu usisubiri. Huku Iringa kunguni wa kijani wanatutesa kwenye nyanya, wananyonya tunda likiwa changa likiiva lina madoa na chini ya ganda pagumu, mnunuzi akiona anashusha bei.

MamaShamba_Mafinga:
Jamani asipige!! Wa Ilula uko sahihi kwa huyo wa kijani, yule ni mharibifu kweli na kwenye maharage pia anasumbua. Ila huyu wa Inyala ni mwindaji, wapo kwenye familia moja ya Pentatomidae lakini kundi lake ni Asopinae na hao chakula chao ni wadudu, hasa viwavi na mabuu ya mbawakawa. Anadunga, anaingiza mate yanayoyeyusha nyama ya ndani halafu anafyonza, ndio maana umeona anasinyaa.

Mabega yasikudanganye, kuna waharibifu nao wana mabega makali. Mkamate umgeuze chali uangalie mdomo. Wa mwindaji ni mnene na mfupi, anaweza kuunyoosha mbele akamchoma kiwavi akiwa bado mbali naye kidogo, wa mnyonya mimea ni mwembamba na umelala chini ya kichwa katikati ya miguu. Afrika tunao wa kwetu, mmojawapo Macrorhaphis acuta. Na Brazil wanafuga kabisa Podisus nigrispinus wanawaachia kwenye mashamba ya mikaratusi kula viwavi, mimi nikiiangalia mikaratusi yetu ya Mufindi huwa natamani sana na sisi tufike huko.

Kahawa_Mbozi:
Dada umeeleza vizuri ila tuwe makini, huku Mbozi kunguni wa kahawa, yule Antestiopsis mwenye rangi nyeusi, chungwa na nyeupe, ananyonya vichipukizi, maua na matunda, huyo hafai kuachwa hata kidogo. Asije mtu akasoma hapa akaacha kila kunguni. Halafu hao wawindaji wanamaliza viwavi kweli?

MamaShamba_Mafinga:
Umesema kweli kaka, kila mmoja akaguliwe mdomo kwanza. Kumaliza hawamalizi, viwavi wakilipuka shamba zima wanazidiwa kwa sababu kuzaliana kwao hakuendi kasi hiyo, na vitoto vikitoka tu kwenye yai vinakaa kikundi vinafyonza maji ya majani, uwindaji unaanza vikishajivua ngozi mara ya kwanza. Ila viwavi wakiwa wachache kama kwa mwenzetu wanasaidia mno, na wanasaidiana na nyigu, siafu na buibui. Kinachoniuma ni hizi dawa za kuua kila kitu, ukipuliza leo mwindaji anakufa, kiwavi aliyejificha ndani kabisa ya muhindi anapona, wiki ijayo unanunua chupa nyingine. Tangu hawa viwavi waingie nchini 2017 tunazunguka hapo hapo.

Mkulima_Inyala:
Asanteni sana, nimemgeuza mmoja asubuhi hii, mdomo mnene kabisa. Bomba nimelirudisha stoo. Sasa hao viwavi waliobaki?

MamaShamba_Mafinga:
Pita shambani mara mbili kwa wiki, mafungu ya mayai yaliyofunikwa na manyoya ponda kwa vidole, mmea wenye vinyesi vibichi mtoe kiwavi kwa mkono au weka majivu pale juu kwenye majani machanga. Ila ukikuta mayai ya duara yamepangwa karibu karibu kama vipipa yana vimiba juu kwenye ukingo usiyaguse, hayo yanaweza kuwa ya huyo mwindaji wako. Ukiona mimea iliyoliwa inaongezeka haraka muite bwana shamba au uliza TARI Uyole, kile kituo cha utafiti wa kilimo hapo jirani yako, wakuelekeze dawa ya bakteria Bt, ile inaua viwavi na kunguni wako wanabaki.