MJADALA: Mtoto wa maternele (shule ya awali) anakili Kifaransa, au azoezwe kwanza kusikia sauti?

Mwalimu, Kadutu:
Wazazi na walimu wenzangu wa Bukavu, huku mashariki mwa Kongo, jambo hili linaniuma. Kila mwaka darasa la tano na la sita tunalia na dikte, yaani imla, halafu tunasema watoto ni wavivu. Mimi nasema dikte hiyo inaharibika mtoto akiwa na miaka mitano, anaponakili "bateau" (mashua kwa Kifaransa) ukurasa mzima bila kujua herufi ipi inatoa sauti gani.

Mwaka 1983 watafiti Bradley na Bryant wa Oxford, Uingereza, walitoa matokeo yao. Waliwauliza watoto wa miaka minne na mitano, ambao hawajajua kusoma: kati ya maneno haya, lipi lina sauti tofauti na mengine? Wakawafuatilia miaka kadhaa. Waliotofautisha sauti vizuri ndio waliokuja kusoma na kuandika maneno vizuri zaidi. Kisha wakachukua baadhi ya waliokuwa dhaifu, wakawazoeza. Kundi lililozoezwa sauti pamoja na herufi za plastiki liliwaacha mbali, hasa katika kuandika, wale waliozoezwa kupanga picha kwa maana tu. Sikio linafundishika!

Na sikio la watoto wetu liko kwenye Kiswahili. Mtoto akiandika "dizi" badala ya "ndizi", usikimbilie kalamu nyekundu. Amesikia d, i, z, i. Imemponyoka ile n iliyobanwa na d. Huyo yuko njiani. Wa kumhofia ni yule aliyenakili "bateau" bila kosa, lakini ukimwambia aandike "bata" anabaki kukodolea ubao.

Mzazi, Ibanda:
Mwalimu, kwa heshima yako, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ni wa Kifaransa. Kiswahili mtoto anacho tangu nyumbani, na kinaandikwa kama kinavyosikika. Nilipe maternele afundishwe anachokijua?

Mwalimu wa maternele, Bagira:
Mimi namuunga mkono mwalimu. Herufi za plastiki sina, naandika kwenye vifuniko vya chupa. Shida yangu ni wale wasiofika kwangu kabisa: elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi, maternele mzazi analipa.

Mwalimu, Kadutu:
Baba, kukisema si kukiandika. Alcock na Ngorosho walionyesha mwaka 2003 kwamba watoto wa Tanzania wanakosea kuandika Kiswahili, pamoja na urahisi wake wote. Na mazoezi hayapotei: mwaka 1993 Durgunoğlu na wenzake walikuta kwamba watoto wa Marekani wanaozungumza Kihispania, waliotambua vizuri sauti za Kihispania, ndio waliosoma vizuri maneno ya Kiingereza.

Kifaransa kina mzigo wake, nakubali. Sauti moja, o, inaandikwa "o", "au" na "eau". S ya wingi haisikiki. Hapo sikio halitoshi, lazima sarufi na kusoma sana. Ila mtoto asiyejua kwamba neno lina sauti ndani yake, hizo "eau" atazishika kwa lipi?

Mama wa Bagira, vifuniko vyako vinatosha, na wasiopita kwako tuwafanyie kazi hiyo darasa la kwanza. Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa. Wakurugenzi wa shule, nani atakubali kupokea daftari la mwezi wa kwanza wa masomo lisilo na ukurasa hata mmoja wa kunakili?