Chavua ya nanasi: kitundu kimoja au viwili?

Mdau wa Kirumba: Wakuu, habari. Nina maua ya nanasi kutoka Sengerema na ya Billbergia (ua la bustani la jamii ya nanasi) hapa Mwanza. Nanasi linatakiwa kuwa na vitundu viwili kwenye chembe ya chavua, ila mimi naona kimoja, nyingine hazina kabisa. Billbergia nayo imekunjamana. Natumia maji, lenzi ya 40 ya hadubini. Nikijaribu asetolisisi (kupika chavua kwenye asidi ili ukuta wake uonekane wazi), zinapasuka.

Mzee wa Slaidi: Mkuu, ni namna chembe ilivyolala. Vitundu vya nanasi viko ncha kwa ncha. Chembe ikisimama, unaona kimoja. Ikilala ubavu, vinabaki mapengo pembeni mwa ukuta na ni rahisi kuvipita. Jeli ya gliserini, inayogandisha chembe kwenye slaidi, iache kwanza. Weka tone la gliserini, funika, kisha gusa ukingo wa kioo kwa sindano huku unatazama: chembe itabingirika. Fuata hiyo moja mpaka izunguke yote.

Billbergia usiitafutie vitundu. Ina mfereji mmoja mrefu, kama Tillandsia, ndugu yake mwingine wa jamii ya nanasi. Ikikauka hujikunja kwenye mfereji huo, kingo zikakaribiana, ikawa kama mtumbwi. Ipe muda inywe maji.

Halafu panda lenzi ya 100 na mafuta. Ukuta ni wavu. Lenzi ikiwa juu, nyuzi zinang'aa; ukishusha zinakuwa nyeusi na macho ya wavu ndiyo yanayong'aa. Ikiwa kinyume, unatazama mashimo, si nyuzi.

Maabara Kwanza: Asetolisisi: sehemu 9 za anhidridi ya asetiki kwa 1 ya asidi ya salfuriki. Asidi ndiyo inatiwa kwenye anhidridi, tone kwa tone, ndani ya kabati la kuvuta hewa. Chavua yenye maji hufanya mchanganyiko uchemke na kuruka, kwa hiyo osha kwanza kwa asidi ya asetiki isiyo na maji. Anza kwa kupika dakika 3, chupa ikiwa kwenye maji ya moto. Zikipasuka, punguza. Kila mara bakiza slaidi moja isiyopikwa ya kulinganishia. Vipimo vya ukubwa wa chembe kwenye jeli usivichanganye na vya kwenye gliserini, na slaidi za jeli pima mapema kwa sababu chembe huvimba humo kadiri muda unavyopita.

Mdau wa Kirumba: Shukrani wakuu. Maua nichume saa ngapi?

Mzee wa Slaidi: Asubuhi. Ua la nanasi hudumu siku moja tu, na hufunguka kuanzia chini ya kichwa kwenda juu, basi chukua ya leo, vichavua (vifuko vya chavua) vyote 6, kwenye pombe ya asilimia 70. Mfuko wa plastiki hapana: kwa unyevu huu wa ziwa ukungu unawahi, na vimbegu vyake utavihesabu kama chavua. Vingi ni vidogo, na havina wavu.